Nani Atalala Kando ya Mto?

Pale Kenyatta Avenue, katikati ya wauza soksi, wapiga picha na watu wanaokimbilia matatu, wamesimama wanaume watatu wa shaba. Waliwekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Mwingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yaliyo chini yao ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba mtu akiifia nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Izunguke nguzo ile yote, hutaona jina la mpagazi hata mmoja. Ilichukua hadi Aprili 2021 kwa tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Nimewataja wapagazi kwa sababu jeshi la leo halihitaji tena miguu na mikono yetu kwa kiasi kile. Linahitaji macho. Na macho ya mashine za vita, kama nitakavyoeleza, yanafundishwa na vijana wa miji kama huu wetu.

Wasiwasi upo. Kileleshwa kuna mkahawa ambako tangu 2024 roboti hupeleka sahani mezani, na watoto huzipiga picha kwa furaha. Mtu yule yule aliyecheka pale, akirudi nyumbani na kutazama video za droni za Ukraine au Sudan, ndiye atakayekuuliza kama siku moja roboti hizi nazo hazitakuja kutuwinda. Swali lake si la kijinga. Machi 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakiichunguza Libya waliandika kwamba mwaka uliotangulia wapiganaji waliokuwa wakirudi nyuma waliandamwa na ndege zisizo na rubani, zikiwemo Kargu-2 za Uturuki, zilizopangiwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mwendeshaji. Aprili 2024 jarida la +972 la Israeli liliripoti juu ya mfumo uitwao Lavender, uliowahi kuwatia alama watu wapatao 37,000 wa Gaza kuwa washukiwa, na kwamba ofisa aliyepaswa kuhakiki jina wakati mwingine alitumia kama sekunde 20. Jeshi la Israeli lilikanusha kwamba mashine ndiyo inayochagua wa kuuawa.

Wako wanaoogopa kwamba mashine itaasi. Hofu hiyo nawaachia watengenezaji wa sinema. Yangu ni nyingine: itatii kila kitu, kisha kifo itakachokileta kisiwe na mwenyewe.

Wazee wetu hawakuwa malaika. Walinyang'anyana ng'ombe, walichomeana maboma, na kijana aliyerudi na damu kwenye mkuki aliimbiwa. Asikudanganye mtu kwamba kabla ya wakoloni tulikaa tukinywa maziwa tu. Ila walilijua jambo moja kuhusu kuua ambalo wanasheria wanaojadili silaha hizi kule Geneva bado wanalizunguka. Mwaka 1909 ofisa wa kikoloni A. C. Hollis alichapisha kitabu juu ya Wanandi. Humo anaeleza kwamba Mnandi aliyemuua mtu wa kabila jingine alijipaka rangi nyekundu upande mmoja wa mwili na nyeupe upande wa pili, na mkuki na sime vikapakwa vivyo hivyo. Kwa siku 4 alihesabiwa kuwa na unajisi, haruhusiwi kurudi kwake. Alijijengea kibanda kidogo karibu na mto akakaa humo, bila mke wala mpenzi, na vyakula vyake vikawa vya kuhesabika. Siku ya nne ikiisha alikunywa dawa kali ya kuharisha iliyotoka kwenye gome la mti, kisha maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa na damu ya fahali. Hapo ndipo aliporudi kwa watu.

Lipime jambo hilo polepole. Aliyeuawa ni adui, pengine alikuja kuiba ng'ombe, na hakuna aliyesema kwamba hakustahili kufa. Hata hivyo aliyeua alilala nje. Rangi zile zilionekana kutoka mbali, kwa hiyo kijiji kizima kilijua ni nani, na silaha yake ilipakwa pamoja naye, haikuachwa ijitetee peke yake. Na zile siku 4 zilimsimamisha. Aliyetoka kuua hakupewa mkuki mwingine asubuhi ya pili aendelee.

Sasa chukua droni iliyochagua shabaha kwa hesabu za kompyuta, ikapiga, ikarudi kuchajiwa. Nani ajipake rangi? Aliyeandika programu atasema yeye aliandika programu tu, kamanda atasema mfumo ulimwonyesha hivyo. Ukimfuata mwuza silaha atakuonyesha mkataba, na waziri atakwambia ni siri ya usalama wa taifa. Pale mtoni hakuna kibanda.

Nairobi ina haki ya kulisema hili kuliko miji mingi, maana imeonja pande zote mbili. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu la al-Qaeda lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pembe ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Hapa mjini walikufa watu 213, wengi mno wakiwa Wakenya waliokuwa kazini au wanapita njia. Leo pale ni bustani, na majina ya wafu yameandikwa ukutani. Siku 13 baadaye, usiku wa Agosti 20, Marekani ilijibu kwa makombora ya masafa marefu. Baadhi yalikwenda Afghanistan. Mengine yalikwenda Khartoum, yakakibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, kwa madai kwamba kilihusika na kemikali za silaha na kwamba kilikuwa na uhusiano na Osama bin Laden. Ushahidi ule ulitiliwa shaka tangu mwanzo. Mwenye kiwanda alikwenda mahakamani Marekani, na mwaka 2010 mahakama ya rufani ya Washington ikasema kwamba kuhoji shambulio kama lile si kazi ya mahakama.

Makombora yale hayakuwa na akili unde. Yalipangiwa njia, yakaruka. Lakini yalirushwa kwa jina la wafu wetu wa Moi Avenue, na hakuna aliyekuja kutuuliza kama kulipiza kwetu kunafanana na kiwanda cha dawa cha watu wengine. Tangu siku hiyo mimi huwa mgumu kushangilia chombo kinachopiga kutoka mbali, hata kinapopiga kwa niaba yangu.

Jirani zetu Wasomali wana mag, fidia ya damu, na kwa desturi mtu mume hulipwa kwa ngamia 100 na mwanamke kwa 50. (Hiyo nusu kwa mwanamke siitetei, si kila kilichosemwa na babu ni cha kubebwa.) Busara yake iko kwingine. Fidia haikulipwa na mwuaji peke yake. Ilitoka kwa ukoo wake, kila nyumba ikachanga, ili nao wajue gharama na siku nyingine wamshike mkono kijana wao kabla hajautupa mkuki. Basi tazama yaliyotokea El Buur, katikati ya Somalia, tarehe 1 Aprili 2018. Shambulio la droni ya Marekani liliwaua mwanamke na mtoto. Kamandi ya Marekani ya Afrika ilikiri mwaka mmoja baadaye, Aprili 2019. Mwaka 2020 ikafungua ukurasa kwenye intaneti ambako mwenye malalamiko ya namna hiyo anaweza kujaza fomu. Fomu! Mtu aliyefiwa, katika nchi ambayo mtandao wenyewe ni wa kubahatisha, ajaze fomu. Hakuna mzee aliyekwenda kukaa chini ya mti na wazee wa marehemu. Na tusisahau kwamba droni ile bado ilikuwa na mtu anayeiendesha. Tunazungumza juu ya kumwondoa hata huyo.

Sisi Wakenya tuliyatazama hayo kama mambo ya jirani. Kisha Januari 5, 2020 al-Shabaab wakaivamia kambi ya Manda Bay kule Lamu na kuwaua Wamarekani watatu, na ilipofika Septemba magazeti ya Marekani yakaandika kwamba kamandi ile ilitaka ruhusa ya kupiga kwa droni hata upande wa Kenya. Ghafla watu wakaanza kuuliza maswali ya sheria, ya ramani, ya nani atahesabu maiti. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wahenga walipolisema hilo walikuwa wanatazama watu kama sisi.

Sasa nirudi kwenye macho. Kijana mmoja wa Kangemi, mtoto wa jirani yangu wa zamani, alinifungulia kompyuta yake nione kazi anayoifanya usiku. Kwenye kioo kulikuwa na picha iliyopigwa kutoka juu: barabara ya vumbi, pikipiki moja, watu watatu kwenye kivuli cha mti. Kazi yake ni kuchora kisanduku kukizunguka kila kitu, kisha kukipa lebo. Kisanduku kikiwa kipana kupita kiasi, kazi inarudishwa wala hailipwi. Alikibana kisanduku begani mwa mtu wa kwanza, akaandika kwamba huyu ni mtu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu nusu yake ilifunikwa na matawi. Naye ana lebo yake, ya mtu anayeonekana kwa sehemu.

"Picha hizi ni za wapi?" nikamwuliza.

"Sijui, mzee. Hatuambiwi."

"Na ni za kazi gani?"

"Labda magari ya kujiendesha. Labda kilimo." Akacheka kidogo, macho yake yakiwa bado kwenye panya ya kompyuta. "Ila mzee, mahindi hatujawahi kuambiwa tuyawekee kisanduku."

Simtuhumu mtu yeyote. Huenda picha zile zilikuwa za kupanga barabara. Ninachosema ni kwamba ujuzi ni ule ule. Mashine iliyofundishwa kumtambua mtu chini ya mti ili imkwepe, imekwisha kufundishwa kumtambua mtu chini ya mti. Kinachobaki ni amri ya mwisho, na hiyo kijana wa Kangemi hataiona.

Walioko upande wa pili waliona. Mwaka 2017 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mradi wa Maven, wa kutumia akili unde kuzichambua video za droni. Wafanyakazi wa Google walipojua kwamba kampuni yao imo, maelfu yao walitia saini barua ya kupinga, na Juni 2018 kampuni ikasema haitaendelea na mkataba ule. Walipinga kwa sababu walijua. Mwaka uliofuata The Intercept likaripoti kwamba picha za kuufundisha mfumo zilipitia pia kwa vibarua wa mtandaoni, wanaolipwa kidogo kidogo, ambao huenda hata hawakujua wanamfanyia nani kazi. Mhandisi wa California aliweza kukataa kwa dhamiri yake. Kibarua hakunyimwa dhamiri, alinyimwa habari, na dhamiri bila habari haina pa kushika.

Hapa kwetu yanayojulikana yanatosha kumtia mtu mawazo. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi vijana wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, walivyosoma uchafu wa kila namna ili kuisafisha ChatGPT, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Machi 2024 Remotasks, tawi la kampuni ya Scale AI ambayo pia ina mikataba na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliwafungia Wakenya mlango, na waliokuwa wakiitegemea wakaamka hawana kazi. Sidai kwamba Wakenya hao waliwekea lebo picha za vita. Nataka tu uone jinsi uzi unavyopita: kutoka chumba cha kupanga chenye stima ya tokeni hadi ofisi za majenerali, na huyu wa mwanzo hana namna ya kuuvuta ajue umefungwa wapi.

Sasa lipo pingamizi, na Nairobi haina ruhusa ya kulikwepa. Watu husema: mwanadamu ndiye mbaya zaidi. Roboti haina hasira, haimbaki mwanamke, haichukui hongo. Septemba 2013, Westgate ilipovamiwa pale Westlands na watu 67 wakauawa, wanajeshi waliotumwa kuokoa walionekana kwenye kamera wakitoka na mifuko ya bidhaa. Roboti haingeiba. Na Juni 2024, vijana walipojaa katikati ya jiji kuupinga Mswada wa Fedha, waliopiga risasi walikuwa watu wenye mama zao. Kufikia Julai mosi Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu wafu 39 kote nchini. Basi huyo mwanadamu tunayemtaka abaki kwenye kifyatulio ana rehema gani?

Nalikubali nusu. Sidai mkono wa mtu una huruma. Niliishi enzi za Nyayo, za utawala wa Moi, hilo silihitaji kufundishwa. Lakini wale wa Westgate tuliwaona sura. Oktoba mwaka huo Mkuu wa Majeshi alitangaza kwamba wanajeshi wawili wamefukuzwa na kufungwa. Ni wachache, na wengi wetu tuliona haki ilikuwa nyembamba, ila ilikuwa na pa kuanzia. Juni 2024 vijana walizisambaza picha za polisi waliovaa kiraia, wakauliza huyu ni nani, ametumwa na nani, na IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi, ikalazimika kufungua mafaili. Waliolia walikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole. Hebu fikiri siku ile ile, barabara zile zile, na kilichofyatua ni chombo kilichokuwa juu ya paa la jengo, kilichoamua kwamba mwendo wa kijana fulani unafanana na mwendo wa mshambuliaji. Mama yake angemshtaki nani? Kamera tayari zimejaa mjini. Mfumo wa Safaricom na serikali, uliotiwa saini baada ya Westgate, ulipangiwa kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Macho yako tayari. Tunabishana juu ya mkono tu.

Kuna methali tunayoipenda sana tunapotaka kunawa mikono: mtoto akililia wembe, mpe. Nimeisikia ikitumiwa hata katika habari hii, kwamba mataifa makubwa yakitaka silaha hizi waachiwe, watajikata, watajifunza. Methali hiyo ni ya nyumbani, na nyumbani mkono unaolilia wembe ndio unaotoka damu. Ndiyo maana inafundisha. Huku analilia mmoja, anakatwa mwingine, tena mbali, na aliyelilia anaendelea kulilia wembe mkubwa zaidi. Mtoto huyo hafundishiki kwa kupewa.

Juni ile ile ya 2024 Nairobi iliwakaribisha wajumbe wa nchi za Afrika kujadili matumizi ya akili unde jeshini, na Septemba Kenya ikawa miongoni mwa waandaaji wenza wa mkutano mkubwa wa jambo hilo kule Seoul, pamoja na Uholanzi, Singapore na Uingereza. Mwezi huo huo wa Juni Marekani ilitutangaza kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres amekwisha kutaka mkataba wa kuzipiga marufuku silaha zinazojiamulia kuua uwe tayari ifikapo 2026. Kwa hiyo tumeketi mezani. Sitaki kusikia tena kwamba sisi ni nyasi tu wapiganapo fahali.

Ningekuwa mzee wa kualikwa huko, ningesema maneno machache. Kila chombo kinachoweza kuua kiwe na mtu mmoja aliyeandikwa jina kabla hakijaruka. Si kamati, si mfumo, mtu. Ajulikane na anakokaa. Kikiua, yeye asimame mbele ya waliofiwa, na asipewe kingine mpaka amalize siku zake. Wanajeshi watasema hilo litapunguza kasi ya vita. Naam, ndilo kusudi. Na mchora visanduku wa Kangemi aambiwe picha ni ya kazi gani, na akikataa asifutwe.

Hilo la mwisho tungeweza kulianza hapa nyumbani bila kungoja Geneva. Badala yake, mwaka 2024 uliletwa Seneti mswada wa kurekebisha sheria za biashara wenye kifungu kinachosema kwamba mfanyakazi wa kampuni zinazopokea kazi kutoka nje, akiwa na dai, amdai mwajiri wa hapa tu. Mteja wa ng'ambo, mwenye kazi yenyewe, asiguswe na kesi. Kililetwa miezi michache tu baada ya Mahakama ya Rufani, Septemba 20, kuamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya na wale waliokuwa wakichuja picha na video zake. Sababu iliyotolewa ni ajira kwa vijana. Nimekaa na kifungu hicho nikijaribu kuona kinamlinda kijana gani, na kila nikikigeuza namwona yule yule wa ng'ambo, amekaa vizuri, hata tope la mto halijamgusa kiatu.